Blanketi la Ukutani na Sifa za Mke Wangu

Mguu wangu ulivunjika kwenye utelezi wa barabara ya Mabira. Bodaboda ilikwenda upande wake na mimi upande wangu, na hospitalini wakanifunga hogo zito la plasta kuanzia gotini hadi vidoleni. Daktari akasema miezi miwili nisikanyage chini.

"Na mdomo wake, daktari," mke wangu akauliza, "wenyewe haufungwi?"

Alijua kinachomngoja. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, na tangu nioe sijawahi kushinda ndani. Wiki ya kwanza nilimtesa kweli. Kila akirudi shambani anakuta maswali mlangoni: umepalilia wapi, umekata mkungu upi, mbona huo na si ule wa karibu na shimo. Siku ya nane akanitupia mapajani mfuko wa salfeti uliojaa vipande vya vitenge, mabaki ambayo binti yetu mshonaji humletea.

"Chambua vya kufutia meza na vya kushikia sufuria," akasema. "Nipumzike na mimi."

Nikachambua. Halafu nikaanza kuvipanga mkekani kwa rangi. Halafu, sijui shetani gani alinipitia, nikaomba sindano. Mkono wa kushona ninao, maana tangu ujana wangu nafunga magunia ya kahawa kwa sindano na kamba. Nikaunga kipande kwa kipande, asubuhi hadi jioni, na maswali ya mkungu yakanitoka kichwani. Wiki ya sita nilikuwa na blanketi la viraka pana kuliko mlango wa mbele, jua la njano katikati, buluu na nyekundu pembeni, na nyuma nimelitia shuka kuukuu.

"Hili halilaliwi," mke wangu akasema. Akapitisha ufito kwenye pindo la juu, akagongea misumari miwili sebuleni, akalitundika pale palipokuwa na kalenda zilizokwisha muda. Akarudi nyuma, akalitazama, akanitazama na mimi. "Nani angeamini?"

"Asiamini mtu. Usimwambie mtu!"

Fundi cherehani mwanamume huku kwetu yuko kila senta, na hakuna anayemcheka. Lakini mzee mzima kukaa na sindano ya mkono, vitenge vimemjaa mapajani kama mwali? Kilabuni wangeniweka kwenye rubisi, pombe yao ya ndizi, wakaninywa.

Mgeni wa kwanza kuliona alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwetu, aliyekuja kunipa pole na mkungu wa ndizi. Hakuketi. Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Waitu! Nani kashona hiki kitu?"

Mke wangu alifungua mdomo, nikamuwahi. "Si huyu hapa? Ana mikono huyu, basi tu hapendi kujisifu."

Mke wangu akapaliwa na punje za kahawa alizokuwa akitafuna. Nikampiga piga mgongoni kwa upendo mkubwa.

"Jumamosi tunakuja," mwenyekiti akasema. "Utufundishe, mama. Kila nyumba iwe na la kwake ukutani."

Nilimngoja mke wangu akatae. Aliponitazama nikaona tabasamu ninalolijua, la mtu anayefungulia mbuzi makusudi kisha anauliza nani kamfungulia.

"Karibuni sana," akajibu. "Njooni wote."

Mgeni alipofika barabarani nikamgeukia mke wangu. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Si umesema nina mikono?"

Ikawa kila mchana akitoka shambani namfundisha. Mke wangu analima, anapika, anaamua ugomvi wa ukoo mzima ukaisha, lakini yeye na sindano hawakuumbiwa nyumba moja. Mishono yake ilitembea kama kuku kwenye matope.

"Legeza vidole," namwambia. "Hilo si jembe."

"Lingekuwa jembe ningekuwa nimemaliza zamani."

Ijumaa vidole vyake vyote vilikuwa vimechomwa. Nikamshauri ajifanye mgonjwa. "Ugua wewe," akasema, "una mguu."

Jumamosi wakaja kumi na mmoja. Shikamoo baba, marahaba, pole na mguu, ahsanteni. Nikakaa pembeni, hogo juu ya kigoda, kitabu cha nyimbo usoni. Mke wangu akafungua kwa sala. Kisha akazungumzia uvumilivu katika kazi za mikono. Alizungumzia uvumilivu mpaka chai ikaisha kwenye chupa.

"Sasa shona tuone," mwenyekiti akasema.

Akachukua vipande viwili akaanza. Mimi natazama juu ya kitabu. Mshono wa tatu ukapinda, nikauma mdomo. Wa tano ukapita kitenge cha kwanza, kitenge cha pili, na gauni lake mwenyewe gotini.

"Si hapo!" nikapiga kelele. "Geuza kitambaa, anzia ndani!"

Vichwa kumi na kimoja vikanigeukia.

"Baba," mwenyekiti akauliza taratibu, "umejuaje?"

"Nimekuwa… nikimtazama akishona."

Mke wangu akainuka, vitenge vinaning'inia gaunini, akaja akaniwekea sindano mkononi. "Basi wafundishe ulichokitazama," akasema kwa upole wa kutisha.

Kukimbia siwezi, mguu ndio huo. Nikashona. Mwanzoni masikio yaliniwaka moto, kisha mkono ukasahau kwamba kuna watu. Nilipoinua kichwa, walikuwa wamesogeza mabenchi kunizunguka, na mwenyekiti anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga.

"Mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Lile pindo limefungwa fundo la gunia la kahawa. Mwanamke gani anafunga kitenge vile? Nilitaka tu kuona mtafika wapi."

Nilikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikawaonyesha jinsi ya kukunja pembe.

Kilabuni walinicheka kama nilivyotabiri. Aliyezidi alikuwa jirani yangu wa bondeni, rika langu, ambaye aliniita "mama mkwe" hadharani kila nilipopita na magongo yangu. Hogo likatolewa, mvua zikakatika, bado mama mkwe.

Asubuhi moja, mke wangu akiwa gulioni, jirani huyo akabisha hodi. Aliuliza habari za mguu. Aliuliza habari za migomba. Aliuliza habari za mguu tena. Hatimaye akaingiza mkono ndani ya koti akatoa vitambaa viwili vilivyoungwa, vimekunjamana na kupata weusi wa moshi, kama vitu vilivyoshonewa mafichoni jikoni.

"Pembe," akasema, macho yakiwa mlangoni. "Pembe zinanishinda."

Nikamvutia kiti, nikaenda kufunga mlango.