Kicha cha Mwisho cha Mchaichai

Kwetu Ziwani kila shughuli ina mwenye chai. Wengine hupewa wali, wengine nyama, lakini chai ilikuwa ya mama yangu, iwe harusi, iwe msiba. Hakuipika kwa majani mabichi. Aliukata mchaichai nyuma ya jiko, akaufunga vicha vicha kwa kamba za milala, akavitundika uchagani juu ya mafiga, vikauke taratibu kwa moshi. Nilimcheka sana. Nilimwambia moshi ni wa samaki.

Alipofariki, na arobaini yake ilipokaribia, mama mdogo alinipigia simu nikiwa kwangu Chikongola. "Chai ni yako sasa, mwanangu. Njoo mapema ukaushe." Kichwa kikanivimba. Nikaenda siku mbili kabla, nikakata shina zima, nikayaanika majani juu ya bati kama tunavyoanika makopa ya muhogo. Jua la kwetu halina mchezo. Kufikia alasiri yalikuwa yamekauka, nikajiambia mama alikuwa akijichosha bure.

Asubuhi ya arobaini nikayatia kwenye sufuria kubwa. Nikaonja: maji ya moto. Nikaongeza majani, nikaongeza na sukari. Nikaonja tena: maji matamu. Wasomaji wa hitma walishakaa barazani, vikombe vimeshapangwa, na mimi, binti wa mwenye chai, sina chai.

Sasa niseme kweli. Nilikuwa nacho kicha kimoja alichokifunga mama mwenyewe. Nilikikuta uchagani wiki ya msiba, nikakificha kwenye mkoba, na popote nilipokwenda nilikwenda nacho. Nilikuwa nakitoa, nanusa, narudisha. Sikumwambia mtu. Mama aliwagawia watu maisha yake yote. Hiki nilitaka kiwe changu.

Mama mdogo akaja jikoni, akachota kwa upawa, akaonja.

"Umekausha wapi?"

"Juu ya bati."

"Mh! Huu mchaichai, si muhogo. Jua limekula harufu yote."

Hakunigombeza zaidi, na hapo ndipo aibu iliponishika. Nikaenda chumbani, nikarudi na kile kicha. Alipoona milala ilivyofungwa, akajua mkono wa nani.

"Ndicho cha mwisho?"

"Cha mwisho."

"Basi kaa nacho, mama. Watu watakunywa hivyo hivyo."

Ruhusa nilishapewa, na nilitamani kuitumia. Lakini ilikuwa shughuli yake, na watu walikuwa wake. Niliona vibaya wanywe maji ya sukari ili mimi nibaki na cha kunusa. Fundo likagoma kufunguka. Mama mdogo akaninyooshea kisu, nikakataa, nikalifungua kwa meno. Nikatia majani yote. Jiko zima likanukia mama, nikalia palepale mbele ya sufuria bila kujificha.

Tukagawa vikombe. Bibi jirani, aliyekunywa chai ya mama kwenye kila shughuli tangu sijazaliwa, akapiga funda, akafumba macho, akapiga la pili.

"Mwambie mama yako," akaniambia, "leo sukari kazidisha."

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Bibi mwenyewe alikuwa hajajua alichosema, anaendelea kunywa.

"Haya, bibi," nikamjibu. "Nitamwambia."