Nilimwaga Maranda Tuonekane Tumefanya Kazi

Nilikosa, na sina wa kumsukumia. Nikikumbuka najichukia.

Mguu wangu mmoja ulikauka tangu utotoni. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mafundi seremala walemavu, hapa Babati, Maisaka. Tulikuwa saba. Serikali ikatupa kazi ya madawati ya shule kwa sharti moja: tuyatengeneze wenyewe.

Misumari ilikuwa haipatikani. Akaja mfanyabiashara mmoja mwenye karakana na lori. Akaniambia vijana wake watatengeneza, sisi tutoe jina na muhuri tu, naye atatuletea sukari na khanga. Nikakubali. Wenzangu nikawagawia kidogo wanyamaze.

Siku ya ukaguzi alituletea madawati yaliyokwisha kutengenezwa, na magunia mawili ya maranda. Nikayamwaga kwa mikono yangu, tuonekane tumeshinda tukipiga randa. Uchafu gani ule!

Mkaguzi alipofika, Baba Paulina akamsogelea. Huyu ndiye fundi wetu mkuu, aliyenifundisha hata kushika msumeno. Miguu yake yote miwili imepooza, hutambaa.

"Bwana Afisa," akasema, "haya hatukuyatengeneza sisi."

Nikacheka. Nikasema, "Msamehe, Bwana Afisa. Huyu hata kichwa chake kina kilema."

Mkaguzi naye akacheka, akaandika kwamba kazi ni yetu. Baba Paulina alifunga randa yake kwenye kitambaa, akaitundika shingoni, akatambaa kwenda zake.

Madawati yale hayakumaliza muhula. Mbao zilikuwa mbichi. Moja lilivunjika, likamchana mtoto paja. Wakubwa walipouliza, mfanyabiashara akasema yeye alitukodisha lori tu. Muhuri ulikuwa wetu. Kikundi kikafutwa, na ofisini wakasema wazi kuwa vilema hawawezi kazi. Wenzangu wawili wakaishia kuombaomba sokoni.

Nilimfuata Baba Paulina kwake Bonga kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuitwa kilema na wazima nimezoea," akasema. "Wewe ukaniongezea kingine, mbele ya mgeni."

Akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Nikaondoka.

Ndugu zangu mnaopewa kazi kwa sababu ya unyonge wenu, akija mtu kuwaomba jina na muhuri tu, mfukuzeni. Mimi sikumfukuza. Hadi leo nikipeleka kiti sokoni, mteja hukigeuzageuza, kisha huniuliza nani amekitengeneza.