Waya wa Maktaba Uliolala Kila Asubuhi

Hapa chuoni kwetu Mbeya hakuna anayeijua mitandao ya kompyuta kuliko mimi, na madokta wote nawahesabu humo.

Haya, nimewadanganya. Mimi ni darasa la saba, kazi yangu kudeki. Na siku hizi hata kudeki wameninyima, nafagia bustani.

Ila Juni ile laptopu ya binti mmoja ilinichora mimi, na wala haijawahi kuniona.  

Binti anaitwa Tumpe, mwaka wa mwisho. Mradi wake ulikuwa kupima mtandao wa waya na ule wa hewani, waifai, upi una nguvu. Wiki mbili alikaa maktaba, waya umechomekwa ukutani, laptopu inajiandikia yenyewe.

Ijumaa moja nikampa andazi.

"Ndaga, asante, Bibi Esta." Akalipokea, ila halikuliwa.

"Imesemaje hiyo mashine yako?"

"Inanitisha, Bibi. Vitabu vinasema waya ndio baba lao. Hapa, karibu kila siku, saa moja mpaka saa tatu asubuhi waya unalala. Waifai inaupita. Ikifika saa tatu, unaamka wenyewe."

Ndoo ikaniponyoka.

Saa moja mpaka saa tatu. Mungu wangu.

Sasa niwaambie. Baridi ya Juni hapa Mbeya mnaijua. Unga wa maandazi hauumuki, unakaa tu unakuangalia. Na mimi mshahara ni wa kulamba, maandazi ya chai ya saa nne ndiyo yananiweka mjini.

Kando ya maktaba kuna kichumba, ufunguo ninao. Ndani kuna kisanduku cha taa za kijani, nyaya zote za maktaba zinapita humo. Kina joto tamu, kama mtoto aliyelala mgongoni.

Saa moja naweka beseni la unga juu yake, nafunika vyote na blanketi. Saa tatu natoa. Waifai siigusi, yenyewe inatoka kwenye mnara wa jengo la utawala.

"Watakuwa panya," nikamwambia.

"Panya wenye saa, Bibi?"

Siku hiyo hiyo blanketi nikalirudisha nyumbani. Lakini laptopu ilishaandika.

Jumanne nadeki koridoni, mlango wa Dokta Jailos, msimamizi wa mradi wa Tumpe, uko wazi.

"Hizi namba umezipika. Jumatatu ya wiki jana, saa mbili, umeandika waya sifuri. Mimi mwenyewe saa hiyo hiyo nilipima kwenye tundu lile lile. Waya ulikimbia mara kumi ya waifai. Ijumaa kamati itakusikia, na mimi nitaomba ufukuzwe."

Tumpe akatoka analia bila sauti. Mama yake mjane, kalima viazi miaka mitatu huyu asome.

Na mimi nikaendelea kudeki.

Nikisema, kazi imekwenda. Nisiposema, mtoto wa watu amekwenda.  Nikawaza kurudi kwetu Ilula nikapange nyanya barabarani.

Ijumaa wakaniita.  Mezani kuna sahani ya maandazi, tena yangu.

Mkuu wa idara, Mama Catherine, akauliza: "Bibi, ufunguo wa kile kichumba unao wewe. Kwa namba za Tumpe, waya ulikwenda vizuri asubuhi mbili tu, Jumatano na Alhamisi ya wiki jana. Asubuhi hizo nani aliingia?"

Asubuhi hizo nilikuwa Ilula, msibani, na kukiri hivyo ni kujifunga mwenyewe.

"Mimi, mkuu. Niliingia kama siku zote."

Nilisahau kwamba Bertha, bosi wetu wa usafi, amekaa nyuma yangu.

"Bibi Esta," akasema taratibu, "zile nyanya ulizoniletea ulizichuma wapi, maktaba?"

Wakacheka. Mimi nikakaa chini bila kuambiwa.

Nikamtazama Tumpe. Hakucheka. Basi nikamwaga yote, unga, beseni, blanketi. Ufunguo nikauweka mezani mwenyewe.

"Kwa hiyo waya ulichemka kwa maandazi," akasema Dokta Jailos, andazi mkononi. "Uzembe wa watu wa usafi, kamati imesikia."

"Na hiyo Jumatatu ya wiki jana ndiyo iliyoniogopesha zaidi," nikasema. "Unga ulifurika, ukaingia kwenye matundu. Taa zote zikazimika. Saa moja na nusu mpaka saa tatu kile kisanduku kilikuwa maiti. Nilikikwangua kwa njiti ya kiberiti, nikakiombea, ndipo kikafufuka."

Mama Catherine akavua miwani. "Kilizimika kabisa?"

"Giza tupu, mkuu. Hakuna waya hata mmoja uliopumua."

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, nawaachia hili. Uongo wangu ulinitoa jasho, lakini niliutema mapema. Ukitaka kumwita mwenzako mpishi wa namba, kwanza ukague sufuria yako.

Maana Tumpe alifuta macho, akasimama kwa adabu zote.

"Dokta, samahani. Jumatatu saa mbili, kwenye tundu lile lile, ulipima nini?"

Dokta Jailos akaliangalia andazi mkononi mwake, kama ndilo lililoulizwa.