Siku Nilipoongeza Ukubwa wa Jina Langu

Aibu niliyoipata kanisani Kamenu niliitengeneza mwenyewe kwa kidole kimoja, na siwezi kumsingizia mtu.

Sisi kina mama wa kikundi chetu husuka vyondo. Mjukuu wangu Wangari, anayekaa Ruiru, alitutengenezea tovuti tuwauzie wanunuzi wenyewe bila broka. Jumamosi ile tulikuwa tukutane tuione, tuinue mikono: tuikubali, au kazi yote ya Wangari iende bure tubaki na broka.

Asubuhi nilikuwa kwake. Alinionyesha kwa laptop ukurasa wangu, na kando yake yale maandishi yanayoupamba. Jina langu lilikuwa dogo kama mbegu ya terere, tena rangi ya jivu.

"Wangari, hili jina ni la marehemu?"

"Cucu, nambari hii 18 ndiyo ukubwa wa majina yote. Yanatoka kwa faili moja, hapa hakuna mtu anajipamba peke yake. Na ukibadilisha kitu, lazima mwingine akikague kwanza."

Nikasema sawa, akaenda kupika chai, nami nikaifanya 18 ikawa 80 (si jina lililokuwa mbele yangu ni langu tu), nikabonyeza kile kisanduku cha rangi nikachagua nyekundu, na jina likanona vizuri sana. Niliposikia vikombe nikahifadhi haraka. Wangari akataka kuipitia kazi mara ya mwisho, na mimi, kwa kuogopa ataona, nikamwambia kwamba Mama Njoki, mwenyekiti wetu, hangoji mtu. Akaituma mtandaoni ilivyo.

Kanisani akaimulika ukutani. Majina ya kina mama wote yalikuwa mekundu, makubwa kama mabango ya kampeni, na vyondo vimesukumwa huko chini havionekani. Akacheka Tabitha Wambui, akafuata Esther Nyokabi, kisha Mary Wanja na dada yake Lucy.

Mama Njoki akauliza polepole, "Hii ndiyo ya kutufanya tumwache broka?"

Nikasimama. "Msimlaumu mtoto. Nilitaka jina langu lionekane."

"Nyambura alitaka kuonekana," Tabitha akasema, "sasa ametuvika sote nguo yake."

Wangari akairudisha 18, majina yakasinyaa. Hapo Beth Wairimu, ambaye tangu macho yafifie husomewa kila kitu hata Biblia, akasema kutoka nyuma, "Rudisha. Nilikuwa najisoma."

Wangari akarudisha. Beth akanyoosha kidole, akasoma bila haraka: "Beth. Wairimu. Ni mimi huyo." Kina mama wakaanza kujitafuta ukutani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyecheka tena.

Mikono ilipoinuliwa kuikubali tovuti, hata Tabitha aliinua wake. Wangari alipunguza majina hadi vyondo vikaonekana, akaondoa nyekundu (nilibisha, nikashindwa), akaandika kwa kanuni za wenzake wanaomsaidia kazi ya tovuti kwamba majina yetu yasiwahi kuwa madogo kuliko hapo.

Mimi nimeapa sitagusa tena faili ya wote bila Wangari kukaa kando yangu akiona, wala sitamharakisha mtu ili asikague.

Broka naye alikuja baadaye na bei yake ya zamani. Beth alimpokea mlangoni, akamwambia bei ziko kwa tovuti, aende akajisomee.