Sufuria ya Buluo

Nakumbuka posho moja, Jumamosi kama munavyosema nyinyi wa shule, nikiwa njia ya Buluo na sufuria iliyofungwa kitambaa. Mbele yangu akatokea Mama Ngoie, shemasi wa kanisa letu la Kibatisti pale Likasi.

"Kijana, weye unaendaka wapi kila posho?"

"Naendaka kutembea, mama."

"Na sufuria?"

Nikamwambia ni ya shangazi. Akaniangalia, akaangalia sufuria, akaenda zake. Mwanangu, siku ile nilijiapiza kwamba yule mama ni sikio la serikali. Usinicheke. Enzi za chama kimoja tulikuwa hivyo sote. Ukiulizwa habari za nyumbani, kwanza unajiuliza wewe: huyu anataka nini, na ametumwa na nani?

Buluo kuna gereza kubwa, na mle ndani alikuwemo kaka yangu Mbuyi, niliyempelekea chakula. Kosa lake lilikuwa kuuliza swali. Kwenye mkutano wa chama, pale kiwandani, wenzake wote wakipiga makofi, yeye alinyosha mkono akauliza kwa nini unga wa wafanyakazi umepunguzwa. Basi. Wakamchukua na ovaroli yake mwilini.

Baba alikuwa karani katika kampuni ya serikali ya migodi, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kampuni. Akatukalisha, akatuambia: mtu akiuliza, Mbuyi amepata kazi Kolwezi. Tukajua maana yake. Ikisikika kwamba karani ana mtoto Buluo, kazi imekwisha na vitu vyetu vinatupwa barabarani. Sisi watu wa asili ya Kasai, waliokuja zamani kwa ajili ya migodi, tungekwenda wapi? Kwa hiyo Kolwezi ikawa Kolwezi, hata kanisani.

Sasa mwaka uleule ndipo Wabatisti wakafungua chuo kikuu chao. Kilikuwa kitu kipya kabisa. Miaka mingi serikali ilikuwa imekamata vyuo vyote, na vya kwake vilikuwa leo vimefunguliwa, kesho askari wamevifunga. Hiki kilianzia katika shule ya zamani ya wachungaji, na kingefundisha sheria pia. Aa, sheria! Nililala nayo, nikaamka nayo. Mtu ambaye kaka yake amefungwa bila kuhukumiwa hahitaji kuelezwa kwa nini.

Watu walikiogopa chuo chenyewe. Wengine walisema ni mtego wa kuwakusanya vijana wenye mdomo mahali pamoja. Wengine walisema nusu ya wanafunzi watakuwa watu wa usalama. Kwa hiyo wenye chuo wakaweka sharti: kila kijana aletwe na kanisa lake. Na sisi Wabatisti, kama hujui, mchungaji haamui peke yake. Waliobatizwa wote wanakaa, anayetaka kusema anasimama, halafu mikono inanyoshwa. Mikono ikikosekana, hakuna mtu wa juu wa kumpelekea rufaa.

Siku ya kusomwa jina langu ilifika. Nikasimama mbele na koti la baba. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Akainuka Baba Mutombo wa kwaya, mtu mwema, nasema kweli, lakini mwoga kama sisi.

"Banduku na badada, huyu kijana Biblia anajua, minye sikatae. Lakini kila posho anaendaka Buluo na sufuria. Kule iko na nani? Bakubwa ba gereza banamupendea nini? Tusipeleke masikio ya serikali mu chuo yetu."

Mchungaji akanigeukia, akaniambia nijibu.

Ningejibu nini? Nikisema ni kaka yangu, nimemvua baba kazi mbele ya watu wote. Nikinyamaza, mimi ni sikio la serikali na chuo ndiyo basi tena. Nikamwona Mama Ngoie kwenye benchi la wanawake, ananiangalia, nikasema moyoni: ndiye huyo aliyemwambia Mutombo! Nikamchukia pale pale. Nikachagua kunyamaza, nikaanza kufungua koti ili niende kukaa.

Hapo Mama Ngoie akasimama.

"Ile chakula ni yangu," akasema. "Minye ndiye namutumaka. Kule Buluo minye iko na mutu. Mwenye kutaka kuuliza ni nani, aniulize sasa, hapa mbele, asiniulize nyuma ya mugongo."

Mikono ikaanza kunyoshwa, mmoja huku, mmoja kule, mpaka na wa Baba Mutombo.

Nilimfuata Mama Ngoie nje. Nikamuuliza nani alimwambia habari zangu.

"Hakuna mutu. Bakubwa ba gereza habakulake bukari ya baridi. Ugali ya baridi ni chakula ya mufungwa."

"Lakini mama, umedanganya mbele ya kanisa."

"Nimetangulia tu kusema. Kuanzia posho inayokuja utapita kwangu kukamata sufuria, na ile ya nyuma yake, mpaka mutu wako atoke." Halafu akanikazia macho. "Lakini weye, mutoto! Ungeacha masomo yako yote yapotee, kuliko kuniambia neno moja pale njiani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimdhania sikio. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Kumbe na yeye alikuwa ananiogopa mimi tangu aanze kuniona kwenye ile njia.

Usifikiri niliamini siku ile. Posho ilipofika nilimwomba aonje chakula kwanza, mbele yangu. Alionja bila kununa, akafunga kitambaa.

Na sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nikusimulie. Wasiwasi wangu haukuwa wa bure. Masikio yalikuwemo mle kanisani. Haukupita muda, watu wa usalama wakaja kumchukua Mama Ngoie, wakitaka kujua mtu wake wa Buluo ni nani. Nani aliwapelekea habari? Mpaka leo sijui. Nimezika wengi wa wale walionyosha mikono, na kwenye kila maziko nimekaa nikijiuliza.

Walimrudisha jioni, mguu mmoja hauna kiatu na shavu limevimba. Nikapiga magoti, nikalia kama mtoto mdogo. Nikamuuliza amewaambia nini.

"Nimebaambia ni mutoto wangu," akasema. "Banifanye nini? Mufungwa gani hana mama?"

Mwanangu, mimi sikuambii uwaamini watu. Wanaokuambia hivyo hawajawahi kuishi kwa hofu. Funga mdomo wako, angalia nani anakuuliza na kwa nini. Lakini ukimshuku mtu, mkabili yeye mwenyewe, usimpeleke mbele ya watu ajibu lisilojibika. Na tafuta mmoja, mmoja tu, wa kumwambia kweli yako kabla haijakunyonga. Mimi nilikuwa naye njia moja, uso kwa uso, nikamdanganya habari za shangazi.

Mungu akulinde na masikio mabaya. Akupe mtu wa kusimama siku utakapokosa la kusema. Na siku ya mwenzako kukosa la kusema ikifika, Bwana akuinue wewe kwenye benchi lako. Amina.