Aliyempa Kyalo Majibu

Utasema nimeitunga hii. Hata dada yangu aliniambia hivyo, na yeye amemwona Kyalo kwa macho yake. Sina ushahidi wa kukuonyesha isipokuwa Kyalo mwenyewe, mume wangu, na ukija kwetu Kilimani leo atakukaribisha vizuri, atakumiminia chai, na hutaona kasoro yoyote. Lakini mimi nilikuwepo. Niliketi meza moja na yule mama aliyempa majibu, nikamtazama usoni, na kila alichosema nilikisikia. Ukitaka amini, usipotaka basi, ila nisikilize mpaka mwisho.

Kyalo hupima damu katika maabara ya kliniki moja. Mimi ni karani wa bima, ofisi yetu iko mjini kati. Yeye ni Mkamba wa Makueni, mimi ni Mkikuyu wa Dagoretti, kwa hivyo nyumbani tunazungumza Kiswahili chetu hiki cha Nairobi, na lugha za kwetu tunazikumbuka tu mama zetu wakipiga simu. Hatuna watoto. Tulipata mmoja, msichana, akaishi siku chache akatuacha. Tulikuwa tumempa jina la mama yake Kyalo, Mwikali, kama desturi za pande zote mbili zinavyotaka. Baada ya mazishi hatukumtaja tena. Si kwamba tulikubaliana. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake.

Labda ndiyo sababu tuliupenda ule mchezo. Uko kwenye simu. Saa moja jioni watu wa kila pembe ya nchi wanaulizwa maswali yale yale: mnyama gani ana mioyo mitatu, mto gani unapita mji gani. Una sekunde chache tu, na ukikosa umetoka. Anayebaki wa mwisho, jina lake linawekwa juu, kila mtu analiona hadi kesho yake. Hakuna zawadi. Ni jina tu, lakini usicheke, binadamu ni kitu cha ajabu. Nimeona chakula kikipoa mezani kwa sababu ya hilo jina.

Tulikuwa na sheria moja ya nyumba: hakuna mwakenya. Kama ulisoma Kenya unajua mwakenya ni nini, ni ile karatasi ya majibu ambayo watu huficha kwenye soksi siku ya mtihani. Kwetu ilimaanisha usiende mtandaoni kutafuta jibu. Na ni vigumu, niamini. Jibu liko kwenye simu hiyo hiyo uliyoshika, linakungoja, kidole kinawasha. Nilikuwa nakalia mkono wangu mmoja ili nisishawishike. Kyalo naye alianza kucheza na simu ya pili chini ya mto wa kiti. Nilimwona, nikajifanya sijaona. Hata hivyo hakushinda. Ukimaliza kutafuta, sekunde zimeisha.

Jumamosi moja nilienda Kenyatta Market kusukwa. Kyalo alinifuata mchana, tukaagiza nyama choma, na kabla haijaletwa mvua ikaanza kunyesha. Watu wote waliokuwa nje wakajazana ndani. Mama mmoja akaomba kuketi nasi. Alikuwa mtu wa makamo, sweta ya kijivu, kitambaa kichwani, kama mama yeyote unayekutana naye akitoka kanisani. Nakumbuka niliangalia viatu vyake, kwa kuwa soko zima lilikuwa matope na vyake vilikuwa safi, hata nyayoni. Nikadhani ameshushwa na gari mlangoni.

Kyalo alikuwa anacheza maswali ya mazoezi. Mama akataja neno moja, polepole, kama mtu anayejikumbusha kitu. Kisha swali likatokea kwenye simu, na jibu lake lilikuwa neno lile. Unanielewa? Alijibu kabla swali halijatokea. Kyalo akacheka. Mama akataja lingine. Likaja swali lake. Likawa hivyo tena na tena, mpaka Kyalo akaacha kucheka akaweka simu mezani.

"Kwa nini unahangaika kutafuta?" yule mama akamwambia. "Niachie mimi. Nitakuwa nakuletea majibu mwenyewe."

Kyalo akamuuliza, kwa mzaha, atamlipa nini.

"Nitachukua tu kile ambacho hukitumii."

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Ni maneno mepesi, na kila mtu ana vitu asivyovitumia. Kyalo alisema sawa mama, chukua. Yule mama akanigeukia mimi. Sijui ningejibu nini, na hilo huniogopesha kuliko yote, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Wakati huo mhudumu akafika na ubao wa nyama, tukasogeza vitu kumpa nafasi, na tulipoinua macho kiti kilikuwa kitupu. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.

Ndani ya teksi nikamwambia Kyalo sikujua kama anaelewa Kikuyu vizuri namna hiyo. Akaniuliza Kikuyu gani. Nikamwambia, Kikuyu cha yule mama, alikuwa anaongea kama nyanya yangu kabisa. Kyalo akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Yule mama alikuwa anaongea Kikamba," akasema, "tena cha kwetu Makueni." Tulibishana mpaka dereva akapunguza sauti ya redio atusikilize.

Jioni hiyo Kyalo alishinda. Jioni iliyofuata pia. Hakugusa simu ya pili, nilikuwa namwangalia. Alisema jibu linakuja lenyewe, kama jina la mtu mnayefahamiana. Kazini wakaanza kumwita profesa. Nami nilifurahi, mbona nikudanganye? Ilikuwa miaka sijamwona akitembea akipiga mluzi.

Kisha tukaenda supamaketi pale Adams Arcade, na jamaa mmoja akamkumbatia kwa nguvu. Walisoma pamoja sekondari, walilala kitanda kimoja cha ghorofa bwenini miaka yote minne. Kyalo alimsalimia kwa adabu, kama mtu anayemsalimia mteja. Jamaa akaondoka uso umemshuka. Nikadhani Kyalo ana majivuno ya ushindi, tukagombana. Kumbe hakuwa anajidai. Hakumjua.

Baadaye mama yake akapiga simu kutoka Makueni. Kyalo aliweka simu sikioni, akasikiliza kwa muda, halafu akaniletea jikoni. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nikafikiri mtandao ni mbaya. Nikaweka spika. Sauti ya mama ilikuwa safi kabisa, anasalimia, anauliza kama tumekula, Kikamba chepesi ambacho hata mimi wa kuolewa nilikifuata. Nikamjibu mama kwa Kiswahili, nikamwambia mwanawe ana homa, sauti imemkauka. Kyalo alikuwa ameshika ukingo wa sinki. Lugha aliyonyonya nayo ilikuwa imetoka kichwani. Hakukuwa na hata neno la salamu.

Hapo ndipo nilipoelewa yule mama alimaanisha nini aliposema atachukua kile ambacho Kyalo hakitumii.

Kyalo aliufuta mchezo siku hiyo hiyo. Ungedhani mambo yangekoma. Majibu yaliendelea kuja. Anaosha vyombo, mara anataja jina la kisiwa. Anafunga kamba za viatu, anataja mwaka wa vita fulani. Hakuna aliyemuuliza. Na kila jibu likiingia, nilijua kuna kitu kimetoka, ila hatukujua ni kipi, maana mtu atajuaje amesahau nini? Hospitali walimpiga picha za kichwa, wakasema ubongo wake ni mzima kuliko wa wengi. Mchungaji wetu alikuja akaombea nyumba chumba kwa chumba. Kyalo alisema amina mahali pote panapostahili.

Nilirudi Kenyatta Market peke yangu. Mhudumu aliyetuletea nyama alimkumbuka yule mama vizuri. Alisema ni Mluhya wa upande wa kwao, alimsalimia kwa lugha ya nyumbani, na aliguswa sana kwa sababu hakuwa ameisikia siku nyingi. Nikamuuliza kama kuna kitu alimpa, au kama kuna kitu alimkubalia. Akasema hapana, walisalimiana tu. Nikamsihi, akija tena, asimkubalie lolote. Sidhani alinielewa.

Nilikuwa na hofu moja ambayo sikuwa nimeitamka. Nikaibeba wiki nzima. Jumapili moja baada ya kanisa, tukiwa tumekaa kibarazani, nikaona bora nijue.

"Kyalo, unamkumbuka Mwikali?"

"Nitamsahauje mama yangu?"

"Si mama. Yule mwingine."

Akafikiri. Alijitahidi kwa kweli, nilimwona. "Mwingine yupi?" akaniuliza.

Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Imepita zaidi ya mwaka sasa. Kyalo bado ni mume mwema. Anaenda kazini, anapima damu, hakosei. Kikamba anajifunza upya kama mgeni, mama yake humcheka akidhani ni utani wa watu wa mjini. Mimi huhakikisha kila siku ananitumia: namwita, namuuliza jina langu, namfanya anisimulie tulivyokutana. Huchoka, lakini hunijibu, kwa kuwa naye anaogopa.

Na Jumapili humsimulia habari za mtoto. Alikuwa na nywele nyingi. Alimshika Kyalo kidole, akakataa kukiachia hadi nesi akacheka. Kyalo hunisikiliza mpaka mwisho, halafu hunishika bega na kuniambia pole, kama unavyompa pole jirani aliyefiwa. Ukweli ni kwamba hanisaidii kitu. Mtoto wetu amebaki na mtu mmoja tu duniani anayemkumbuka, na mimi mwenyewe nimeanza kusitasita: ni kidole cha mkono wa kulia au wa kushoto?

Basi wewe unayenisikiliza, cheza michezo yako, sikukatazi. Ila ukiulizwa usilolijua, sema hujui, ukose, utoke, jina lako lisionekane na mtu yeyote. Na akitokea mtu wa kukuletea majibu, hata akikusalimia kwa sauti tamu kuliko ya mama yako, usimpe ruhusa ya kuchukua hata kile unachodhani hukihitaji. Kisha ondoka hapo, uwapigie simu watu wako, uwataje kwa majina, walio hai na waliokufa.