Jambazi Aliyepandishwa Cheo

Mtoto wangu alipojikojolea nasari kwa kuogopa milio ya bunduki iliyotoka kwenye kibanda cha video jirani na shule, nilichoka kumbembeleza mwenye kibanda. Niliingia humo kufoka, lakini petroli ya jenereta ikanuka kama utotoni kijijini Mikinduri, kwenye kibanda kama hicho, nikiwa nimemshika kaka yangu shati. Siku hiyo ya utotoni, jambazi aliyeuawa kwenye filamu ya juzi alikuwa hai, amevaa sare ya polisi.

“Si huyu alikufa?” nilimuuliza kaka.

“Alikufa vizuri, mshamba wewe, wakampandisha cheo. Leo ndiye stelingi, shujaa wa filamu.”

Nikaamini kila polisi ni jambazi aliyefufuka. Askari wa kweli alipochungulia mlangoni, nilitapika kwa hofu.

Kwa kumbukumbu hiyo, mwenye kibanda cha hapa sikumfokea tena. Nilimwandikia chifu: “Naomba kibanda kifungwe saa za masomo, watoto wanaogopa. Tafadhali uje mwenyewe, bila askari.”